Kumi na Tisa Juu ya Arobaini

Jumapili, katikati ya Aprili. Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kuchoka. Barabara kuu hapa Kabuku imenyamaza, malori yamejipanga pembeni, na mimi nimekaa nyuma ya ghala langu na kikombe cha chai ya tangawizi. Modemu inawaka taa nyekundu, kijani, nyekundu tena. Ikikubali, mtasoma. Ikikataa, nitakuwa nimejiandikia mwenyewe, na hilo nalo halina hasara.

Nimelala masaa tisa mfululizo. Sikumbuki mara ya mwisho kulala hivyo.

Jana nimepita.

Wacha nieleze kwa utaratibu, maana nina hasira kidogo bado, na hasira ikitangulia maelezo hupotea.

Wanaosoma hapa mara kwa mara wanajua kwamba kila Jumamosi napanda basi la kwanza kwenda Korogwe, kwenye darasa la sisi watu wazima tunaomalizia digrii ya biashara. Tunasomea katika shule ya sekondari, kwenye madawati ya watoto, magoti yanagota juu. Masomo thelathini na nane kwa miaka minne. Nimefaulu thelathini na saba. Uhasibu nina A. Takwimu nina A. Hesabu za biashara nilimaliza mtihani nusu saa kabla ya wenzangu, nikabaki nahesabu vioo vya madirisha: ishirini na sita vizima, vinne vimevunjika.

Lililobaki ni moja. Mawasiliano ya Biashara.

Somo ambalo siku ya kwanza nililicheka. Nilimwambia jirani yangu wa dawati, mimi nimeongea na wateja tangu huyu mwalimu hajaota meno, leo nifundishwe kuongea?

Nilicheka mapema.

Kwa asiyejua: kila somo lina alama mia. Sitini ni za mtihani wa mwisho. Arobaini ni za mazoezi ya darasani, sisi wenyewe tunaziita kosiweki. Usipofikisha kumi na sita katika hizo arobaini, chumba cha mtihani utakiona kwa nje. Mwaka jana nilipata kumi na nne. Nilipungukiwa mbili. Nikalirudia somo mwaka huu, na kurudia ni mara moja tu. Ukianguka tena unadisko, yaani jina lako linakatwa chuoni, na zile thelathini na saba unabaki nazo kama mtu aliyejenga nyumba mpaka kwenye linta halafu akakatazwa kuezeka.

Ndiyo maana sikuwa nalala.

Mwaka huu nilianza na zoezi la barua. Alama kumi. Tulipewa habari ya kampuni inayotaka kutuuzia mashine ya kukoboa, na kazi yetu ilikuwa kuijibu kwamba hatuihitaji. Barua ya kukataa. Nikaandika barua safi, kichwa cha habari, YAH na mstari chini yake, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikawashukuru, nikaisifu mashine yao, kisha nikamaliza kwa maneno ambayo kila mtu anayefanya biashara kuanzia Handeni mpaka Korogwe anayajua maana yake. Niliandika: tumeiona, ni nzuri, tuacheni tuzunguke kwanza, tutarudi.

Nilipata mbili juu ya kumi. Pembeni kwa wino mwekundu ameandika: "Mtarudi lini?"

Sasa niambieni nyinyi. Mteja amesimama mbele ya meza yako sokoni, amegusa maharage, ameng'ata moja, amesema "ngoja nizunguke kwanza, nitarudi." Yupo anayemsubiri? Yupo anayemwekea debe lake pembeni? Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba huyo amekataa. Amekataa kwa adabu, bila kumvunja mwenzake uso. Mimi nikaadhibiwa alama nane kwa ajili ya adabu.

Na aliyeniadhibu ni binti. Mwalimu Neema, anatokea Dar es Salaam, umri wake na wa binti yangu wa kwanza umepishana mwaka mmoja. Kila Jumamosi tukikutana getini anaweka mkoba chini, anapinda goti, "Shikamoo mama Hiza." Namwitikia marahaba, namuuliza hali ya safari. Saa nne ananipa mbili juu ya kumi. Heshima yake inaishia mlangoni mwa darasa.

Zoezi la pili lilikuwa ripoti ya kikundi. Alama kumi nyingine. Tulikuwa watano, wawili hawakuonekana mpaka siku ya kukabidhi, mmoja alileta karatasi na mwingine akaleta pole. Ripoti niliifanya mimi. Majedwali kurasa tatu, bei za mazao kwa kila wiki ya msimu, hakuna namba iliyokosewa hata moja. Tukapata nne. Mwalimu akasema majedwali yangu hayana maelezo. Nikamwambia namba zinajieleza zenyewe. Akasema, "Mama, namba hazijawahi kufungua mdomo."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Mbili na nne, sita. Sita juu ya ishirini. Nilihitaji kumi katika zoezi la mwisho lenye alama ishirini, na zoezi lenyewe lilikuwa la mdomo, mbele ya darasa zima: mazungumzo ya biashara, watu wawili wawili, dakika sita. Nalo lilikuwa kwa Kiswahili, kama ile barua. Mwalimu Neema alisema soko letu ni la Kiswahili, hatuna sababu ya kujidanganya. Alituandikia ubaoni mgawanyo wa alama: salamu tatu, kusikiliza tano, kutoa jibu wazi saba, kufunga mazungumzo tano.

Nilipiga hesabu hapo hapo kwenye kiganja. Jibu wazi ni saba. Nikizikosa zote, zinabaki kumi na tatu, na katika hizo lazima nipate kumi. Sijawahi kupata kumi katika kumi na tatu za huyu binti.

Nilirudi nyumbani nikirudia hesabu hiyo njia nzima.

Nitawaambia kwa nini hii digrii inaniuma, kisha nitaendelea.

Nilikuwa karani wa mizani kule milimani Dindira, kituo cha kupimia majani mabichi ya chai. Mkulima analeta kikapu, napima, natoa uzito wa kikapu, naandika, anakwenda zake. Nilikuwa na jicho. Kikapu kikiingia mlangoni nasema moyoni kilo kumi na nne. Nikikitundika, kumi na nne na robo. Kisha likaja soko huria. Kiwanda kikauzwa, mwenye mali mpya akaja na makarani wake, sisi tukapewa barua za shukrani. Nikashuka bondeni, nikaanza na magunia mawili ya maharage chini ya turubai. Leo nina ghala, nina mizani yangu, nina watu wa Lutindi na Dindira wananiletea mazao bila mimi kuwafuata. Sikushikwa mkono na mtu.

Miaka michache iliyopita ikatangazwa nafasi ya meneja wa ghala kubwa la mahindi, ghala la mtu binafsi, sitalitaja. Nikaomba. Niliitwa, nikakaa mbele ya wanaume watatu, nikajibu kila kitu. Mwenyekiti wao akafunga faili langu, akatabasamu: "Tumekusikia, mama. Tutakuita."

Nikasubiri. Mimi, mwenye kujua lugha ya sokoni, nikasubiri. Nilikataa kuongeza mkataba wa pango la kibanda changu cha zamani kwa sababu naitwa wakati wowote. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, simu haikulia. Baadaye nikasikia kijana mwenye digrii aliajiriwa siku mbili kabla ya mimi kuhojiwa. Siku mbili kabla! Na kijana mwenyewe alikuja hapa Kabuku kuniuliza mahindi yanakauka vipi wakati wa masika. Nikamfundisha. Mahindi hayana kosa.

Wiki iliyofuata nikaenda kujiandikisha chuo.

Basi, jana.

Nilifika Korogwe mapema, viatu vimejaa udongo mwekundu. Mwalimu Neema kanisalimia getini kama kawaida. Marahaba yangu jana ilitoka nyembamba.

Tulichota vikaratasi kwenye boksi la chaki. Changu kilisema: "Wewe ni meneja wa manunuzi. Huhitaji bidhaa. Kataa." Nilikisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kujificha. Boksi lote lina vikaratasi kumi na vinane, na cha kukataa kimekuja kwangu.

Muuzaji wangu akawa Lemburis. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi kule nyanda za Handeni, familia yao wafugaji, baba yake anajulikana minadani. Miaka yake thelathini na kitu. Mpole sana, ananiita mama na kunibebea begi nikishuka ngazi. Nikashukuru Mungu. Nikasema huyu hatanitesa.

Nilikosea.

Alipiga hodi kwenye dawati. Nikamkaribisha. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, watoto, wazima, mifugo, tunamshukuru Mungu, mvua, imeanza, na kwenu, nako imeanza. Darasa likaanza kuguna. Mwalimu Neema akaangalia saa yake.

Lemburis akafungua biashara. Anauza magunia ya katani, alisema. Hayapasuki, hayatoi jasho ndani, panya akiyang'ata anajuta. Aliongea vizuri mpaka nikasahau kwamba ni zoezi. Nikamuuliza uzito wa gunia tupu, akababaika. Nikamuuliza linabeba kilo ngapi likishonwa mara mbili, linadumu misimu mingapi, akitakiwa kuleta mia tatu kwa wiki ataweza. Alipojibu nikamrudishia jibu lake kwa maneno yangu kuhakikisha nimemsikia. Za kusikiliza nilijua nimezipata. Tano hizo zangu.

Kisha ikafika. Nikaweka mikono mezani, nikakohoa, nikafungua mdomo ili niseme hapana, na mdomo wangu ukasema:

"Magunia yako nimeyaona, mazuri. Ngoja kwanza nizunguke, nitarudi."

Wallahi sikukusudia. Yalitoka yenyewe, kama mtu anavyosema "bee" akiitwa.

Mwalimu Neema akashusha kalamu kwenye karatasi. Nikaona kalamu inashuka.

Na Lemburis, yule mpole, anayenibebea begi, akavuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu.

"Haya mama. Zunguka. Mimi nipo."

Darasa likavunjika mbavu.

"Si ungerudi kesho, baba?" nikasema. Nilikuwa natafuta mlango.

"Nimetoka mbali, sirudi bila jibu. Lakini mama, nikuulize. Wewe ndiye meneja. Ofisi hii ni yako. Unazunguka unakwenda wapi?"

Mzee mmoja nyuma, mstaafu wa halmashauri, alicheka mpaka akakohoa. Mwingine akapaza sauti, "Anazunguka meza!" Mimi nimesimama mbele yao na miaka yangu arobaini na saba, jasho linashuka mgongoni, wakati nje kuna baridi ya mvua.

"Zimebaki dakika mbili," akasema Mwalimu Neema.

"Au naweza kulala hapa hapa," Lemburis akaendelea, anaweka mkono shavuni. "Ukimaliza kuzunguka utaniamsha. Kwetu mnadani ng'ombe akisimama mbele yako unashika kamba au unasema hapana, aende kwa mwingine. Hatumwachi anasimama juani."

Nilimkasirikia. Kweli kabisa, nilitaka kumnasa kibao. Halafu nikamwangalia pale alipokaa, anasubiri, kiganja shavuni, na uso wake haukuwa wa mchezo tena, au mimi ndiye niliyeacha kucheza. Nikajiona mimi. Miezi ile ya kupanda, kupalilia, kuvuna. Nikakagua simu kila jioni kama ina chaji. Nimekasirika miaka yote hii kwa sababu wale wanaume walinikatalia, na si kweli. Kunikatalia ni haki yao. Nimekasirika kwa sababu hawakuniambia.

Hilo sikuwa nimewahi kuliandika mahali.

Nikavuta kiti changu karibu na chake.

"Baba," nikasema, "hapana. Sichukui magunia yako. Leo hapana, msimu ujao hapana. Yana nguvu, nimekubali, lakini wanunuzi wangu wanataka ya plastiki na siwezi kuhamisha mzigo mara mbili. Usinisubiri. Ukitoka hapa usigeuke, nenda kwa wenye kahawa na chai kule juu, wao wanahitaji gunia linalopumua. Nimekushikia muda wako, nisamehe."

Nikavihesabu tena vioo vya madirisha, kama kawaida yangu.

Lemburis akasimama, akanipa mkono.

"Asante, mama. Sasa naweza kwenda kumuuzia mwingine na jua bado lipo."

Mwalimu Neema hutoa alama hapo hapo, kwa sauti, ili asije akaambiwa anapendelea. Akasoma: salamu mbili, "maana mngefika mpaka kwenye mbuzi mmoja mmoja, muda ungeisha huko." Kusikiliza tano. Jibu wazi nne. Tatu zimeenda na ile zunguka. Kufunga mazungumzo mbili, kwa sababu muda uliisha kabla sijamsindikiza mgeni. "Jumla kumi na mbili."

Nilikuwa nimeshapita. Kumi na mbili na sita ni kumi na nane, na mimi nilihitaji kumi na sita. Mtu mwenye akili angekaa kimya na kumshukuru Mungu wake.

"Mwalimu," nikasema, "rudia kujumlisha."

Akarudia. Mbili, tano, nne, mbili. Akanyanyua uso.

"Kumi na tatu. Samahani mama."

"Bila samahani. Iandike tu."

Kumi na tisa juu ya arobaini. Niliandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini, mara mbili, kama tunavyofunga hesabu za mwezi. Kisha nikatoka nje, nikasimama chini ya kibaraza cha vyoo, peke yangu, nikalia kidogo. Si sana. Dakika tatu hivi.

Mwalimu Neema alinikuta pale. Alisimama pembeni, hajui aniite au aondoke. Mwishowe akasema:

"Mama, ile barua yako ya kwanza. Niliipeleka nyumbani, nikampa mama yangu asome."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Huyu mbona kakataa vizuri tu, wewe unataka nini?'"

Nikafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kwa hiyo ulielewa. Wakati wote ule ulielewa."

"Nilielewa, mama. Ndiyo maana nilikupa mbili. Nisingeelewa ningekupa sifuri."

Nilitaka kukasirika. Nina ujuzi wa kukasirika. Badala yake nikajikuta nacheka, naye akacheka, akanishika mkono tukarudi darasani kuwasikiliza wengine. Sijamsamehe zile nane zote. Nimemsamehe kama tano.

Ningependa shajara ya leo iishie hapa, na mvua, na chai. Lakini nilijiwekea sharti humu kwamba siandiki nusu.

Nilifika Kabuku jioni, jua halijazama. Mlangoni mwa ghala amekaa shemeji yangu Mhina, mdogo wa mume wangu. Tangu mwezi wa pili ananiomba kona moja ya ghala aweke mkaa wake. Mkaa na nafaka, chumba kimoja! Vumbi lake litaingia kwenye maharage, na cheche moja ikibaki ndani ya gunia tumekwisha wote. Jibu nililijua siku ile ile aliponiuliza. Lakini ni shemeji. Nikamwambia, "Acha niangalie nafasi." Nimeiangalia hiyo nafasi wiki tisa.

"Shemeji, pole na masomo. Ile kona vipi?"

Nilikuwa bado na moto wa darasani.

"Hapana, shemeji."

Akasubiri. Alidhani sentensi inaendelea.

"Hapana ya leo?"

"Hapana ya siku zote. Mkaa haukai na nafaka. Nilijua toka mwanzo, nikashindwa kukuambia."

Alikwaruza udongo kwenye kiatu chake kwa kijiti. Kisha akauliza taratibu, "Ndiyo mnayofundishwa huko Korogwe?"

"Ndiyo hayo."

"Miaka minne?"

"Miaka minne."

Akatikisa kichwa. Nilidhani atacheka, hakucheka. Akasema, "Shemeji, magunia kumi na moja yapo chini ya turubai nyuma ya nyumba toka mwezi wa pili, na mvua hizi. Manne yameshaloa mpaka ndani. Jirani alinipa banda lake, nikamkatalia, nikamwambia shemeji ananiangalizia nafasi."

Kumi na moja kutoa manne. Hesabu nyepesi, na sikuweza kuitamka.

Nikamwambia nisamehe. Nikatoa maturubai yangu mawili mazuri, nikamkabidhi, nikamwambia haya si ya kuazima, ni yako. Akayapokea bila kunitazama, akaondoka. Hakuaga. Kwa Mhina, kutoaga ni jambo kubwa.

Mume wangu alipata habari kabla hajavua viatu. Mji huu mdogo. Akaniambia nimemfukuza mdogo wake kama kuku aliyeingia jikoni. Nikamweleza cheche, vumbi, wiki tisa. Akasema sababu zote ni za kweli, lakini hapana ina namna yake ya kuvalishwa. Nikamwambia niliivalisha wiki tisa, ndizo zilizomlowanishia mtu magunia manne. Tukala. Nikalala, na usingizi ukanichukua kama nilivyosema, masaa tisa, bila ndoto.

Kwa hiyo sijui. Ile hapana ya darasani ilinipa alama nne, ya nyumbani imenifanya ninuniwe. Wote wawili niliwaambia ukweli. Labda tofauti ni kwamba Lemburis aliisubiri dakika mbili, na Mhina aliisubiri tangu mwezi wa pili. Hapana iliyokaa muda mrefu huchacha kama uji. Labda. Mwalimu Neema hakuligusa hilo, na mimi sitamuuliza, asije akalifanya swali la mtihani.

Mtihani ni baada ya wiki tatu. Maswali matano, unajibu manne. Nina alama kumi na tisa mkononi. Chuo kinataka jumla ya arobaini ili nipasi. Zimebaki ishirini na moja katika sitini. Ishirini na moja naweza kuzipata hata nikiwa na homa.

Jina langu litaingia chumba cha mtihani. Nimelisema kwa sauti asubuhi hii, peke yangu, kati ya magunia, kusikia linavyosikika.

Asubuhi mume wangu hajaniongelesha. Amepita na mwavuli kwenda kumsaidia Mhina kuhamishia mkaa kwenye banda la jirani. Sasa hivi amerudi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, amesimama mlangoni anachuruzika maji, bado amenuna. Nikasubiri aseme la Mhina.

"Hayo mahafali yenu," akasema, "yanafanyikia Dar au hapa hapa Korogwe?"

"Sijui bado. Nimalize mtihani kwanza."

"Uulize mapema. Kama ni Dar, ile suti yangu haifungi tena."

Akaenda kunawa.

Mvua haijapungua na leo sifungui ghala. Kitabu nitakifungua kesho.